Nathanaeli Mughwai, Mshika Kijicho wa Ghala la Asali (1912–1958)

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Mwankoko leo tarehe 11 Aprili 1958 kumsindikiza Nathanaeli Mughwai, haya ndiyo maisha yake kwa ufupi. Yanasomwa na mdogo wake, Elina, kwa idhini ya mjane, Kristina, ambaye aliyasikiliza yote jana mchana akiwa amekunja uso, kisha akasema: "Soma kama yalivyo. Ukiyapamba, nitasimama niyarekebishe mwenyewe mbele ya watu." Wanaomjua Kristina wanajua kwamba angesimama kweli.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Mwankoko mwaka 1912, wakati wa kupalilia uwele. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Mughwai, mfugaji na mrina asali. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kutazama. Alipenda kulala chali ndani ya tembe mchana, akiangalia jua linavyochungulia kati ya fito za ukuta mahali udongo ulipobanduka. Mama yake angemwita aende kuchunga, asisikie. Ng'ombe wa baba yake walikula mtama wa watu mara nyingi kwa sababu ya ukuta ule, na fimbo alizochapwa hazikumbadilisha.

Alianza shule ya misheni mwaka 1924 na kubatizwa mwaka uliofuata. Alisoma mpaka mwaka 1930, akawa hodari wa hesabu na mzito wa maneno. Akiulizwa swali alipinda kichwa kulia, akakipinda kushoto, ndipo akajibu. Wenzake walimcheka kwa hilo mpaka wakachoka. Alipomaliza aliajiriwa kama karani wa mizani kwa wanunuzi wa ngozi na chumvi mjini Singida, na hakuna mfugaji aliyewahi kulalamika kwamba Nathanaeli amempunja.

Tarehe 15 Septemba 1934 alifunga ndoa na Kristina, binti wa Kinyiramba kutoka Shelui. Kinyaturu cha bwana na Kinyiramba cha bibi viligongana mlangoni, basi wakakubaliana kuishi kwa Kiswahili, yeye kile cha shule, mkewe kile cha kanisani. Waliishi vizuri. Lakini na lisemwe wazi, maana mwenyewe ameagiza: Kristina alikuwa na wivu, na hakuuficha uvunguni. Aliwaonea wivu wanakwaya. Aliwaonea wivu wanawake waliokuwa wakipima ngozi za waume zao kwenye mizani ya mumewe. Aliionea wivu hata baiskeli, kwa kuwa ilipakwa mafuta kila Jumamosi. Marehemu hakuwa mzuri wa sura, na Elina ana haki ya kulisema hilo kwa vile wamefanana; ila kwa Kristina, kila mwanamke aliyepita njia ile alikuwa amekuja kumchukua.

Mwaka 1949 kampuni moja iliyokuwa ikinunua asali na nta ilipata malalamiko kutoka ng'ambo kwamba baadhi ya mapipa yalitiwa sharubati ya sukari guru. Ikaletwa mashine ya kupimia, na Nathanaeli akaajiriwa kuishika. Ilikuwa bomba la shaba lililolala juu ya mguu wa chuma, lenye kipande cha jiwe angavu mbele na kingine nyuma. Asali ilichanganywa na maji, ikachujwa mpaka ikang'aa, ikatiwa kwenye mrija wa kioo na kulazwa katikati ya mawe hayo mawili. Kwenye mwisho mmoja wa bomba uliwashwa moto wa spiriti ulionyunyiziwa chumvi ya ziwani, ukawaka njano tupu.

Wengi wenu mlimuuliza kazi yake ni nini, naye aliwajibu hivi. Mwanga wa kawaida hutikisika kila upande. Jiwe la kwanza huruhusu ule unaotikisika upande mmoja tu, kama kiganja kinavyopita kati ya fito za ukuta kikiwa kimesimama, na kikilazwa hakipiti. Jiwe la pili nalo ni fito, ila hizi zinazungushwa kwa gurudumu. Zikikingama na zile za kwanza, ni giza. Ukiweka asali katikati, asali inaugeuza ule mwanga kidogo, giza linatoka. Basi unazungusha gurudumu mpaka giza lirudi, na unasoma umezungusha kiasi gani. Asali ya nyuki huugeuza mwanga kushoto. Sukari guru huugeuza kulia. Aliyetia sukari guru hakuwa na pa kujificha.

Shida ilikuwa jicho la mtu. Giza halina ukingo, na ukilikaribia, jicho huridhika mapema likasema limefika. Kwa hiyo meneja wa kampuni alimfundisha asiliamini jicho lililotulia. Kulikuwa na mpini mdogo wa kutikisa lile jiwe la pili: kulia kidogo, kushoto kidogo, kulia, kushoto, bila kukoma, nuru ikipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Mkono wa kushoto ulitikisa mpini, mkono wa kulia ukasogeza gurudumu taratibu. Nuru ya upande huu ilipolingana kabisa na ya upande ule, giza la kweli lilikuwa katikati yao. Hapo Nathanaeli alisema, "Soma," na mwenzake aliyekaa nyuma ya pazia jeusi na mshumaa alisoma namba iliyo kwenye gurudumu. Pazia lilikuwa la lazima. Anayetazama akiona mshumaa jicho lake linaharibika, na akiiona namba ataanza kuitamani.

Mwenzake huyo alikuwa Theodora, binti wa mwinjilisti Paulo wa Mandewa, msichana mwenye kusoma namba ndogo upesi. Jicho la mmoja likichoka, walibadilishana viti. Chumba chao, ghalani mjini, kilikuwa kidogo, kimepakwa masizi ukutani, na mlangoni palining'inia blanketi. Kile kitundu cha kuchungulia kwenye bomba, wapakizi wa mapipa walikiita kijicho. Jina likashika, hata kazi yenyewe ikaitwa kijicho. Wapakizi hawakuwa na ubaya. Walikuwa Wanyaturu waliojifunzia Kiswahili barabarani, na kwao jicho dogo ni kijicho, basi.

Kristina alilijua neno hilo kutoka mimbarani. Alilisikia likitajwa pamoja na masengenyo na fitina. Mwezi Agosti 1951, akiwa anasonga ugali wa mchana, alitokea Antipasi, mmoja wa wapakizi, akapiga hodi.

"Mama Filipo, baba Filipo anasema msimngoje kula. Yuko kwenye kijicho na Theodora, na leo naona hakiishi."

Kristina aliacha kusonga. "Kijicho? Anamwonea nani?"

"Hamwonei mtu, mama. Wanaonea wote wawili."

"Wanaonea wapi?"

"Si mle ndani. Wakiwa kwenye kijicho huwa wamefunga mlango, giza tupu. Hata sisi haturuhusiwi kupita karibu."

Kristina aliunganisha mambo kwa namna yake. Mume wake ana kijicho kwa sababu ya Theodora. Basi kuna mwanamume mwingine anayemtaka Theodora. Na mwanamume haoni kijicho juu ya msichana asiyemhusu. Alitoka na mwiko mkononi, una ugali bado, akaenda mpaka mjini bila kumwamkia mtu. Antipasi alimfuata nyuma akidhani anapeleka chakula.

Alivuta blanketi la mlangoni likaanguka na misumari yake. Jua likaingia. Theodora alisimama nyuma ya pazia lake akasema, "Shikamoo, mama." Kristina akaitikia marahaba, maana shikamoo haiachwi hata na mwenye hasira, lakini aliipitisha menoni. Nathanaeli hakugeuka. Alikuwa ameinama juu ya bomba, mkono ungali ukitikisa.

"Nani amefungua? Jicho limekufa hili, itabidi tuanze upya."

"Nimefungua mimi. Nimeambiwa una kijicho na Theodora."

"Ndiyo. Tangu asubuhi."

"Na hukatai!"

"Nikatae nini, mama Filipo? Si hiki hapa?"

Mwiko ulikuwa umeshapanda juu. Antipasi, aliyefika mlangoni, ndiye aliyeelewa kwanza, akaangua kicheko hadi akakaa chini. Kisha Nathanaeli akaelewa, naye akacheka. Elina alimjua kaka yake maisha yote na anaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja mara alizomwona akicheka hivyo. Theodora hakucheka. Aliokota blanketi akalitundika, akampisha Kristina kiti.

"Njoo uone," Nathanaeli akasema. "Weka jicho hapa. Usibane lile jingine."

Kristina alikaa. Mwanzoni hakuona kitu. Giza lilipomkolea machoni likatokea duara la njano, likafifia, likawaka, likafifia, likawaka. Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake, mkono wake ukipita begani kwa Kristina kuushika ule mpini. Kristina ameeleza kwamba alikaa hapo mpaka ugali ukakauka kwenye mwiko, na kwamba hajaona kitu kizuri kama kile, si kanisani, si mahali popote. Na hapo ndipo moyo wake ulipouma kuliko wakati anaingia.

"Hiki umekuwa ukikiona na huyu?"

"Kwa zamu. Nikichoka mimi anaona yeye."

"Tangu lini?"

"Tangu mashine ilipokuja."

"Na mimi nakufulia, nakupikia, nalala na wewe nyumba moja, sijaambiwa."

"Sikudhani utapenda."

"Hukudhani." Aliinuka akajikung'uta kanga. "Heri ningewakuta mmeshikana mikono. Hilo ningejua la kufanya."

Hapakuwa na ubaya wowote kati ya marehemu na Theodora, wala hajatokea mtu wa kuuthibitisha, na Kristina mwenyewe amesema liandikwe hivyo. Lakini wivu wake haukupungua, ulihama tu. Alikuwa na mume aliyeona kitu kizuri kila siku Mungu aliyoileta, akakionyesha kwa mwingine, kisha akarudi nyumbani kimya na kuomba maji ya kuoga. Hilo lilimkaa kooni.

Basi akaamua naye ataingia mle. Namba hakuzijua, alijua kusoma Biblia kwa kufuatisha kidole. Alikwenda Mandewa kwa mwinjilisti Paulo, baba yake Theodora, akamwambia, "Nifundishe namba, hata zile za nusu na robo." Mwinjilisti hakuuliza sababu, ingawa mji mzima uliijua. Kristina alisoma kwa hasira, na hasira ilimsaidia. Kufikia mwaka 1953 aliweza kukaa nyuma ya pazia na mshumaa siku ambazo Theodora hayupo, mumewe akisema "Soma," yeye akasoma. Siku hizo alirudi nyumbani anaimba. Theodora akipona malaria yake, nyimbo zinakwisha.

Mwaka 1955 jicho la kulia la marehemu likaota mtoto wa jicho, na la kushoto likaanza kufuata. Meneja akamwambia amtaje mtu wa kushika kijicho badala yake. Jina atakalolitoa ndilo litakalokuwa. Kristina alilisikia hilo kabla mumewe hajavua viatu.

"Sitaki mshahara," alimwambia. "Nataka kiti chako. Nikikaa pale nimekaa na wewe. Akikaa yule, umempa yeye macho yako."

"Kazi hii haipewi mtu kwa kupendwa, mama Filipo."

"Basi nipime."

Akawapima wote wawili, yeye na Theodora. Aliwaandalia mrija uleule wa asali, mara hii akimpa mmoja, mara ile mwingine, bila kuwaambia kwamba ni uleule, na mwinjilisti Paulo akasoma namba kwa sauti. Za Theodora zilikaa karibu karibu. Za Kristina zilitangatanga. Nathanaeli, ambaye alikuwa anaona kwa shida, alinyoosha mkono akaushika mkono wa kushoto wa mkewe, akaukuta umetulia juu ya mpini.

"Umeacha kutikisa."

"Nimeliona giza. Nikishaliona naendelea kutikisa nini?"

"Ukitulia jicho linakudanganya. Lazima upite huku, upite na huku, ndipo ujue."

"Mimi nikipata kitu nakishika," Kristina alisema.

Alirudia, na mkono ukatulia tena. Hakuweza. Kila giza lilipokuja alilikamata, na kila alipolikamata lilikuwa si lenyewe. Jioni Nathanaeli alikwenda kwa meneja akamtaja Theodora. Kisha akaja nyumbani kusema mwenyewe, hakumtuma mtu.

"Hukunichagua."

"Kazi imemchagua."

"Kazi haina mdomo. Aliyesema ni wewe."

Kristina alihamishia mkeka wake kwenye chumba cha watoto. Alimpikia, akamwekea chakula mbele, akamwongoza mkono kwenye bakuli, na hakumsemesha neno mpaka mavuno. Nathanaeli hakumlaumu. Alipinda kichwa kulia, akakipinda kushoto, na safari hii hakupata jibu.

Mwaka 1956 alipelekwa hospitali akapasuliwa jicho, lakini nuru haikurudi, na upande wa pili nao ukafunga. Aliacha kazi, akakaa nyumbani kipofu. Hapo Kristina alimpata. Alimshika mkono kwenda kanisani, kwenda kisimani, kwenda kusalimia wagonjwa. Alimweleza nani anapita njiani na amevaa nini, akiwaruka wanawake. Amemwambia Elina kwa kinywa chake kwamba miaka hiyo ndiyo aliyofurahi kuliko yote ya ndoa yao, na kwamba alimwomba Mungu msamaha kwa kufurahi, na kesho yake akafurahi tena.

Kilichomtia doa ni Jumamosi. Theodora alikuja kila Jumamosi na habari za mapipa: la fulani limegeuka kulia, la fulani limekuwa na matatizo, fulani kakamatwa na sukari guru yake. Walizungumza kwa namba tu, na namba ziliwachekesha. Kristina alikaa uani akitwanga ili asiwasikie. Majirani wanakumbuka kwamba Jumamosi nyingine alitwanga na kinu hakina kitu.

Mwezi Machi mwaka huu, mvua zikiwa nyingi, marehemu alishikwa na kifua. Alitibiwa na mganga wa zahanati, akapata nafuu, akashikwa tena kwa nguvu. Homa ilimchanganya. Watoto aliwajua kwa sauti zao, wengine akawasahau. Theodora alifika juma la Pasaka, akasimama mlangoni, akamwamkia Kristina, kisha akamwamkia yeye.

"Ni nani huyo?" Nathanaeli akauliza.

"Mimi Theodora."

"Theodora yupi?"

Theodora alibaki ameshika nguzo ya mlango.

Kristina alikuwa amekaa kitandani, mkono wa mumewe umo ndani ya mikono yake. Neno hilo alilitamani tangu ile siku ya mwiko. Alikuwa ameliombea, Mungu anajua. Na lilipokuja alisikia baridi, kwa sababu aliona kinachoondoka si Theodora peke yake. Kinaondoka chumba kile, na duara la njano, na kila kitu ambacho mumewe alikuwa amekiona. Akainuka. Akamvuta Theodora mpaka kitandani, akauweka mkono wa mumewe kwenye mkono wa msichana yule.

"Theodora wa kijicho, baba Filipo. Binti Paulo. Yule anayetazama na wewe."

Mkono wa kushoto wa Nathanaeli ukaanza kwenda juu ya shuka, kulia kidogo, kushoto kidogo.

"Soma," akasema.

Theodora alifungua kinywa, machozi yakamzidi. Nathanaeli akangoja. "Soma," akasema tena, na ikawa kama anaanza kuhangaika.

Ndipo Kristina akasoma yeye, kwa ile sauti aliyofundishwa Mandewa: "Kushoto, tatu na nusu."

"Ni ya nyuki hiyo," Nathanaeli akasema. Mkono ukatulia. Hakusema tena neno lenye kueleweka, na alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1958 alifariki dunia, hapa nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Marehemu ameacha mjane mmoja, Kristina, ambaye ameagiza neno "mmoja" lisomwe kwa sauti. Ameacha watoto watatu: Filipo, mwalimu huko Shelui, Dorika, aliyeolewa Mandewa, na Alute, ambaye yuko shuleni. Ameacha mjukuu mmoja, na dada yake Elina. Karatasi mliyo nayo mkononi ilipopigwa taipu, orodha ilikomea hapo, kwa amri ya mjane. Asubuhi hii, wakati kaburi linamaliziwa, Kristina alimwita Elina pembeni akasema jina moja liongezwe kwa kalamu, ila liwe la mwisho kabisa, na yeyote asidhani amelegea. Basi linasomwa la mwisho: ameacha pia Theodora binti Paulo.

Lala kwa amani, Nathanaeli wetu. Mwenyezi Mungu akupokee.